Bunduki Uliyoitundika Mtini

Baba Paskalina,

Ni mimi mke wako. Naandika kwa mkono wangu, herufi zimelala, utavumilia. Paskalina alitaka nimtajie yeye aandike kwenye simu. Nimekataa. Haya sio ya mtoto.

Kesho napanda msituni. Ule ule. Nimeona nikuambie mimi, usije ukasikia kwa wengine huko uliko.

Baada ya kukuzika walinifungia njia, kama desturi yetu. Nilikaa ndani. Hakuna mtu kunipa mkono. Mama wa jirani alikuwa anaweka uji pale kwenye jiwe, anaondoka bila kugeuka. Ng'ombe kaka yako Tluway aliwachukua, kwa sababu mimi mwenye msiba siruhusiwi kuwagusa. Sikulalamika. Sikutaka mtu. Nilikuwa na kazi yangu mle ndani, kukutukana. Mjinga wewe. Ofisi imekupa bunduki, umepewa ulinde watu, umeiacha mtini ukaenda kufa mikono mitupu.

Mikono mitupu nimekosea. Ulikuwa na madumu.

Mimi nilikuwa napikia wale wapima miti. Sufuria iko motoni, maji hakuna. Ukabeba madumu mawili, bunduki begani, ukasema, "Usikoroge kitu mpaka nirudi, wewe huna subira." Ukashuka. Nyati alikuwa kwenye matete pale mtoni. Tulisikia dumu linagonga mawe. Tong. Tong. Basi. Mlio wa bunduki hakuna. Tulivyoshuka tuliikuta katikati ya njia, inaning'inia kwenye mti, umeifunga mkanda vizuri, kama koti la mtu aliyeingia ndani kula. Mbele kidogo ulikuwa wewe.

Lile dumu nalisikia mpaka leo. Mtu akipita njiani na dumu tupu nasimama. Hata kama nimeshika jembe kwenye shamba la watu, nasimama. Wenzangu wanasema, "Mama Paskalina, umeona nini?" Sijaona. Nimesikia.

Sasa sikia mambo ya huku.

Bwana misitu mpya amekuja, mtu wa Tanga, kijana ana adabu. Anasema miti ihesabiwe tena. Kambi ile ile, kwa sababu ndipo maji yalipo. Anataka vibarua na mpishi. Kwenye mashamba palizi imeisha, kazi nyingine mimi sina, nikasema naenda. Wengine nao wakakubali. Halafu wakaona bunduki anayotaka kwenda nayo. Ni ile yako.

Wote wakagoma. Walisema kulala kambi moja na ile bunduki ni kulala na wewe.

Usicheke. Nakujua.

Tluway ndiye aliyemweleza yule kijana. Alimwambia damu ya mtu ikishamwagika, kitu alichokuwa anatembea nacho hakiguswi mpaka mwenye msiba akiguse kwanza na kusema kimetulia. Basi ile bunduki ilikuwa imelala stoo tangu siku ile, hakuna mtu wa huku aliyeisogelea. Imefungiwa kama nilivyofungiwa mimi.

Juzi asubuhi wakaja nyumbani. Bwana misitu, Tluway, na askari mpya aliyechukua nafasi yako, Gwandu, yule wa kule Nangwa. Bwana misitu akanipa shikamoo, akafungua blanketi pale uani. Bunduki mbili. Yako ile ndefu ya nyati, na nyingine fupi, shotgani. Akasema, "Mama, hawa wamekataa kupanda mpaka useme wewe. Chagua. Utakayosema ndiyo tutakwenda nayo."

Mimi! Mtu wa jembe na mwiko.

Kila mmoja akaanza kunifundisha. Bwana misitu anasema kubwa ndiyo yenye nguvu, inavunja mfupa wa nyati, ndogo hii watu wanapigia kanga. Gwandu anasema ndogo, lakini niliona macho yake, sio kwa sababu ya bunduki, ni kwa sababu yako. Kaka yako naye akasema, "Shemeji, chukua gobore la babu." Nikamwambia lile gobore unashindilia baruti, unashindilia tena, unatafuta moto, inabidi nyati akusubiri. Akasema, "Ukimwomba kwa heshima atasubiri." Gwandu akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, Baba Paskalina. Tangu ulipoondoka ndiyo mara ya kwanza. Nikaona vibaya nikaingia ndani.

Nilivyotoka niliishika.

Mkanda unanuka ugoro wako. Hapo nilitaka kuiangusha. Sikuiangusha. Nikawaambia mnisubiri. Nikaiweka begani, nikachukua madumu mawili, nikashuka kisimani kwetu pale chini. Tluway anaita, "Unakwenda wapi na bunduki ya serikali?"

Ile kitu ni nzito, wewe hukuwahi kuniambia. Ukiinama inateleza inakuja mbele. Ukinyooka mtutu unakugonga kisogo. Dumu linagonga kitako, kitako kinakugonga nyonga, ukitaka kuirudisha begani uweke dumu chini kwanza. Nikaweka. Nikabeba tena. Nikaweka. Hapo sijachota hata tone. Na kule mtoni ni mtelemko wa utelezi, kwetu ni njia nzuri tu.

Kwenye kona kuna ule mti wa mwesi. Nilisimama. Nikaona mkono wangu tayari umeshika mkanda, unautoa begani. Sijaufikiria. Mkono wenyewe.

Nikakaa pale.

Sio ujinga. Mtu ana mikono miwili, wewe ulikuwa na kazi ya mikono minne. Uliona ni hapo tu, nashuka, nachota, narudi. Na mimi kule juu nilikuwa nimepiga kelele maji, maji, moto unaisha. Matusi yale yote nimeyafuta. Nimeyafuta moja moja pale chini ya mti, kwa mdomo, usikie.

Nikarudi nikamwambia bwana misitu nachagua ndogo.

Akasema, "Mama, nyati akija mbio hii unapata nafasi moja. Ukikosa ndiyo basi." Nikamwambia najua. Ile kubwa haikupata hata hiyo moja. Nyati ataogopa bunduki iliyoko mkononi, iliyoko mtini haijui. Akaigeuza geuza ile ndogo. Kisha akasema, "Vizuri, sikuwa nimefikiria hayo." Akasema, basi tunabeba risasi za donge moja, zile za vipande zibaki ofisini, maana vipande vinamkasirisha tu. Na maji watakwenda watu wawili. Mmoja anabeba madumu, mwingine habebi kitu isipokuwa bunduki, hata kikombe. Nikamwambia hapo umesema. Kama ungekuwa na mtu wa pili siku ile. Lakini mtu wa pili alikuwa mimi, na mimi nilikuwa na moto.

Gwandu akaijaribu kule kwenye makorongo. Aliweka boga juu ya jiwe. Risasi ya kwanza akapiga jiwe. Ya pili boga likapotea, na yeye akaanguka matako. Tluway akasema, "Tumepata askari, anaua na kulala hapo hapo." Lakini naona atafaa. Anaogopa. Wewe hukuwa unaogopa kitu.

Ile yako imerudi ofisini Mbulu. Kabla hawajaifunga blanketi niliweka mkono juu yake nikasema mbele yao imetulia, haina deni na mtu, aibebe yeyote. Wakaitikia. Sasa wengine wataichukua, sio sisi.

Lakini nikuambie ukweli. Sijui. Usiku silali. Naona nyati anatoka kwenye matete, Gwandu anampiga na hii ndogo, nyati anatingisha kichwa kama amepigwa na jiwe la mtoto, anakuja. Anakuja, na nyuma yangu wapo wapima miti, watoto wa watu, na mimi ndiye niliyechagua. Wangekuwa wamechagua wao ningelala. Nimeshaomba kanisani. Padre alisema niwe na amani. Yeye hajawahi kulala kule.

Kuna kitu kingine, hiki sijamwambia mtu. Tangu niliposhuka na bunduki yako kisimani, kuna mtu anatembea nyuma yangu. Nikienda shamba, yupo. Nikisimama anasimama. Ana ule mguu wako wa kulia unaoburuta. Nikigeuka ni majani tu yanatikisika. Mwanzo niliogopa. Sasa naogopa nusu. Nadhani umesikia habari za kesho unataka kuja.

Sikukatazi. Nitapita kaburini alfajiri, nitamwaga maziwa kidogo, nitakuaga. Nikirudi nitakuja tena kukuambia tulivyorudi, wote. Hiyo nakuahidi. Nitawaleta chini wote, Gwandu na wapima miti na bwana misitu wa Tanga, kama nilivyowapandisha.

Ila kama lazima uje, sikia. Usitembee nyuma. Tembea mbele kabisa, kwenye njia iliyo wazi, mahali Gwandu anakuona. Yule kijana ana woga, chochote kinachotikisa majani atakipiga, na bunduki hiyo nimemchagulia mimi.

Mimi nimekuzika mara moja. Ya pili siwezi.

Mke wako,
Mama Paskalina