Nchi Iliyo Nyuma ya Mlima

Mama Muthoni, umeamka vizuri huko Skuta?

Hapa Naro Moru ukungu umemeza mlima. Kwa hoteli, watalii wawili wa Mombasa wakaniuliza nyuma yake kuna nini. Nikawaambia ni nchi ya Gatheko: ng'ombe wanajipeleka kukamuliwa, rais anachuma chai kwa zamu, na mgeni anaacha kiatu kimoja mpakani asitoroke bila kuaga. Wakaanza kufunga mizigo waende huko!

Polisi mmoja aliyehamishwa huku kutoka joto la Busia akatoka meza ya nyuma, akanishika bega. "Mzee, hiyo nchi iko wapi?"

Nikaona seli hii hapa. Akainama kwa sikio: "Na huko wanaandika polisi kazi? Hii baridi itaniua."

Ukisikia nimeonekana na polisi, usilie, mpenzi. Huyo ni raia wangu wa kwanza.

Baba Muthoni