Paji la Uso Kwenye Jalada

Ijumaa, Buluk, Juba

Bado nina hasira, na sijui hata nimkasirikie nani.

Leo tulikuwa tukichagua jalada la kijitabu cha mchezo wa kuigiza wa kanisa, ule wa amani. Mchoro wa Rebecca wa kwaya uliishinda mingine yote kwa mbali: uso wa mzee, kwa penseli, na mistari ya chale kwenye paji. Hapa Juba watu husoma kabila lako kwenye paji kabla hawajakusalimia.

Jackson, mwenyekiti wa kamati yetu, akasema, "Tukichapisha hii, watasema mchezo ni wa kabila moja. Futa hizo chale, tutaichukua."

"Hii ni baba yangu," Rebecca akasema. "Picha yake yote iliungua na nyumba."

Nilingoja mtu aseme kitu. Mimi mwenyewe, Mkenya, mgeni wa watu, nilinyamaza. Niliogopa, basi.

Rebecca akachukua raba, akafuta mstari mmoja mmoja. Tukapiga makofi. Ati sasa ni uso wa kila mtu.

Rebecca akausukuma mchoro katikati ya meza.

"Huyu mimi hapana jua. Chukueni."