Visigino vya Mchumba wa Hetal

Papa,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma na daftari la Fizikia. Nakuandikia Kiswahili, lugha yetu ya dukani, kwa sababu mambo haya kwa Kigujarati yananitia aibu, na Kiingereza kitayafanya yawe ya daktari.

Dada Hetal amepata mchumba. Kesho watu wake wanakuja kutoka Nyamasaria kula sukari nguru na mbegu za dania za kufungia uchumba. Unajua ikishaliwa hiyo, kurudi nyuma ni fedheha ya nyumba mbili. Wiki hii Mummy amecheka. Mara ya kwanza tangu tutawanye majivu yako ziwani. Sasa unaona kwa nini nilinyamaza?

Unakumbuka nilipofungua kopo la misumari nikakuta vidonge vyako? Ulilifunika haraka. "Ni vya kolesteroli tu, beta, mwanangu. Usimwambie mtu. Wakisikia damu yetu ina kasoro, nani atamwoa dada yako?" Nikaapa. Ulijua nani wa kumwapisha. Si wewe uliyekuwa ukinitania mbele ya Mzee Ouma wa dukani, "Nikiuliza swali, sufuria itanijibu kabla ya huyu"?

Miezi miwili baadaye ulianguka pale pale kaunta, miaka arobaini na miwili, Mzee Ouma akikupepea na kipande cha katoni. Hospitalini daktari alimwuliza Mummy kama ulikuwa na shida ya moyo au dawa yoyote. Mummy akasema hapana. Mimi nilikuwa nyuma yake, Papa. Nilikuwa nimeshika mkoba wake. Sikusema.

Mwezi uliopita nilimrudia yule daktari, nikiwa na sare ya shule, nikamwuliza kuhusu kolesteroli. Akasema ugonjwa huu unarithiwa, mzazi akiwa nao kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuupata. "Na nyinyi babu zenu walikuja familia chache, mkaoana wenyewe kwa wenyewe. Kitu kama hiki hakina pa kutokea, kinazunguka tu." Mtoto akiupata kwa baba na kwa mama pia, mishipa ya moyo inaweza kuziba akiwa bado primari. Akanionyesha picha ya vinundu vya manjano juu ya kisigino. Kama vyako, ulivyosema ni viatu vibaya.

Jumamosi iliyopita mchumba alikuja kunywa chai. Alivua viatu mlangoni kama kila mtu, akavua na soksi, maana alikuwa amenyeshewa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti napanga viatu vya wageni. Nikaviona vile vinundu. Miguu yote miwili. Nilipopeleka chai vikombe vilikuwa vinagongana, na shangazi akapaza sauti, "Tazameni, huyu naye anataka mume!" Wakacheka wote. Yeye peke yake hakucheka, akainuka akanipokea sinia. Ni kijana mzuri, ndiyo shida.

Sijui kama Hetal anao. Sijui kama mimi ninao. Hatujapimwa. Na dawa zipo, Papa! Hilo ndilo linaniunguza. Ungezinywa mezani, tungekukumbusha.

Leo asubuhi Mummy alipoenda hekaluni, nilivunja kiapo. Hetal alikuwa anakanda unga, nikamwambia. "Wewe, hata soda huwezi kuagiza, leo ndio umepata mdomo? Leo?" Akanirushia donge la unga, likanipata shingoni. Kisha akakaa chini sakafuni na mikono yake michafu, akauliza polepole, "Watoto?"

Sasa yuko chumbani, anaongea na yule kijana kwa simu. Nimemsikia akiuliza, "Baba yako alifanyiwa operesheni ya moyo akiwa na miaka mingapi?"

Daktari hakusema wasioane. Alisema wapimwe kwanza, sisi wote tupimwe. Lakini kesho ni kesho, na Mummy ameshanunua sukari.

Nisamehe. Au usinisamehe, sijui. Hetal alitaka yeye ndiye amwambie Mummy, nikakataa. Siri ulinipa mimi. Nakuahidi nitaitoa yote, pamoja na ile "hapana" niliyoiacha ipite hospitalini, na sitanong'ona.

Lala salama, Papa. Geti linafunguliwa, Mummy amerudi.

Jigna