Medali ya Mguu wa Baba

Iguguno, Mkalama,
Singida.
16 Januari 2025

Mpendwa kaka Urbano,

Shikamoo kaka. Wifi Luciana hajambo? Watoto je? Na kifua chako, kimekuachia kidogo huko Tunduru, au bado kinakusumbua baridi ikiingia? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila mvua imetuchezea: ilinyesha siku tatu, ikapotea wiki tatu. Mimi naumwa mgongo tu, na huu mdomo wangu unaoujua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu namba yangu uliifunga, na ulikuwa na haki. Barua nimempa Editha, binti wa baba mdogo Elisha, aitume kwa basi. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho.

Kaka, medali ya baba imeonekana. Hukuiiba.

Unakumbuka alivyokuwa akiiita medali ya mguu. Alisema serikali haikumpa yeye, iliupa ule mguu wake wa kushoto uliopasuliwa na bomu vita vya Kagera. Siku alipoitwa Singida mjini kuvalishwa, mama alitupaka mafuta mpaka tukang'aa, na baba akarudi nayo ameifunga kwenye leso. Aliivaa Siku ya Mashujaa tu, kisha inarudi kwenye sanduku la bati. Watu wakimwuliza habari za vita, anajibu, "Uulizeni mguu, mimi nilikuwa nimelala." Tunacheka. Sikumwuliza vizuri hata siku moja, na leo inaniuma.

Ule mwaka wa 2021 kiharusi kilipompiga na kumnyang'anya kauli, wewe ulikuwa umetoka tu kumtembelea. Mashujaa ilipofika nikafungua sanduku nimvalishe palepale kitandani. Hamna kitu. Sikufikiri mara mbili. Nikakupigia, nikaweka spika mbele ya ukoo mzima, nikakuita mwizi wa mguu wa baba. Mimi, kitinda mimba, nakutukana wewe uliyenibeba mgongoni! Ukakata simu. Baba mdogo Elisha akaniambia, "Anastazia, hasira hasara." Naye nikamjibu vibaya.

Na baba alikuwa anasikia yote. Tangu siku ile akawa ananyoosha ule mkono wake mzima kuelekea jikoni. Namletea uji. Anageuza uso. Namletea mwingine, wa moto zaidi. Nikamwambia, baba, siku hizi unadeka. Ee Mungu wangu! Aliendelea kuunyoosha ule mkono mpaka Oktoba alipofariki, nawe hukuja kumzika, kwa sababu yangu.

Unavijua vile vibuyu vya mbegu alivyokuwa akivitundika juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu. Kila mtoto na chake, hata aliyehama, ili akirudi asikose cha kupanda. Changu nimekuwa nikikipanda na kukijaza upya kila mwaka. Chako, chenye alama ya msalaba, nilikataa kukigusa. Nilisema mbegu ya mwizi haiingii shambani kwangu. Zaidi ya miaka mitatu nimepika ugali chini yake.

Wiki iliyopita uwele niliopanda ukawa umekauka wote, na dukani mbegu zimekwisha. Jirani yangu Dorika akanicheka: "Una kibuyu kizima humo ndani, unalilia nini?" Nikakishusha shingo upande. Nilipokipindua kwenye ungo, pamoja na uwele ikadondoka leso ya baba, imefungwa fundo. Nikafungua. Medali.

Aliiweka kwenye chako, kaka, hakuiweka kwenye changu. Nadhani ni ile wiki uliyokuja, tulipokuwa tunajaza vibuyu baada ya mavuno, naye akasubiri msimu wa kupanda aje akuambie. Sikufichi, wivu ulinishika kidogo, maana mimi ndiye niliyemlisha na kumwogesha. Halafu nikakaa chini nikalia mpaka Dorika akaacha kucheka. Alikuwa ameshakupa, nami nikakutangaza kuwa umeiba.

Jumapili niliuita ukoo wote nikasema kosa langu kwa sauti ileile niliyokutukania. Baba mdogo alitikisa kichwa tu. Umebaki wewe. Siombi unisamehe kwa barua, hiyo itakuwa rahisi mno kwangu. Naomba uje. Katika watoto wake wote, ni wewe peke yako ambaye udongo wako haumo kwenye kaburi lake.

Nisalimie sana wifi Luciana na watoto mmoja mmoja. Baba mdogo Elisha anakusalimu, Editha pia, na Dorika anasema ukija ulete korosho.

Mungu aliyemrudisha baba akiwa hai kutoka Kagera akurudishe na wewe nyumbani salama. Leso yenye medali na mbegu nimevirudisha kibuyuni, nikakitundika palepale. Ukifika usipige hodi. Pita moja kwa moja jikoni, uinue macho.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea, na ninayekupenda,

Anastazia