Kaka Haitiki Tena

Jumapili, Bodo

Na mimi, bingwa wa maneno Bodo nzima, leo nimekosa la kumwambia ndugu yangu.

Juzi daktari wa hospitali ya Msambweni alituuliza mengi. Kaka Bakari analala? Anatafuna muguka, yale majani ya kulevya? Aliwahi kupata homa kali, au kuumia kichwa? Akasema sauti anazozisikia, na hofu kwamba tunamtilia sumu, huenda ni maradhi ya ubongo, na dawa zipo. Nikamtania, "Daktari, majini wa huyu wanaongea Kidigo, vidonge vyako watavielewa?" Alicheka daktari tu.

Lakini bibi yetu keshamwonya kaka: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, huenda ni jini. Sote tumelelewa hivyo. Sasa amejifungia chumbani, haitiki mtu. Vidonge aliwatupia kuku.

Jioni nikasimama mlangoni na dawa nyingine. "Fungua, ni mimi, mzuri kuliko wewe!" Zamani angenitukana mpaka majirani wacheke.

Leo nikamsikia akinong'ona, "Usiitike, Bakari. Sasa wameiba hata sauti ya mdogo wangu."

Nikimwita namtisha. Nikinyamaza, basi dawa atapewa na nani?