Joto la Chumba cha Nyamvula

Changamwe, karibu na Uwanja wa Ndege
Alhamisi, mwezi wa tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa jina la Bwana, na kupitia kwako namwamkia nyanya unayemwuguza. Goti lako linaendeleaje? Mvua imeshuka huko Kaloleni, au nanyi mnayatazama mawingu yakipita tu kama sisi? Huku sote tu wazima. Baba anakula, ananung'unika, anabishana na redio, yaani yuko vile vile ulivyomwacha.

Usishtuke kuona barua. Najua utasema mtoto huyu ana simu mbili na bado anaandika kwa kalamu. Lakini simu yako, Mama, huipokei ila kwa sauti ya juu, nyanya akisikiliza upande huu na majirani upande ule, na haya ni ya masikio yako peke yako. Karisa, mwana wa shangazi, anapanda huko Jumamosi na mifuko ya saruji, na ameapa hatampa mtu mwingine bahasha hii. Nimeianza mara kadhaa nikaichana. Sikai, silali, chakula nakitazama tu. Nikiketi sebuleni natamani uani, nikifika uani narudi ndani. Leo lazima niimalize.

Kazi yangu unaijua kijuujuu, na kosa ni langu, kwa sababu kila ukiniuliza nilikujibu kwa haraka. Chuo kikuu kinachunguza jinsi joto linavyowaathiri wajawazito wanaoishi katika nyumba za mabati, na mimi nimepewa akina mama wa Junda, kule Kisauni. Kila mmoja nilimpa kidude cha kupima joto, kidogo kama kifungo cha shati, akitundike pale anapolala. Kila juma napita, nakisoma kidude kwa simu, nampima presha, namwuliza habari za mwili wake. Tena nusu ya nyumba zimepakwa paani rangi nyeupe inayorudisha jua. Nani apakwe na nani asubiri iliamuliwa kwa kura, ili mwishowe makundi mawili yalinganishwe. Waliokosa watapakwa utafiti ukiisha, mwakani.

Sasa sikia mkasa. Mwezi wa kwanza wa utafiti, takwimu za Junda zilikuwa kichekesho. Daktari Wairimu, mkuu wetu, aliniita akaniuliza kama watu wangu wanaishi nchi kavu au chini ya maji. Nyumba za mabati, jua la Februari, na vidude vinasema ndani kuna baridi kuliko kivulini! Nilijitetea kwa maneno mengi, unanijua, nikasema labda ni upepo wa Kisauni. Akaniambia niende nikautafute huo upepo nimletee.

Nikapita nyumba kwa nyumba, safari hii nikitazama pale kidude kilipo badala ya kutazama simu. Mama, nilicheka, kisha nikaona haya. Kila nyumba kidude kimewekwa mahali pa mgeni. Kwa huyu kimetundikwa dirishani sebuleni, juu ya kiti kile kizuri. Kwa yule kimelazwa kwenye kitambaa cha kufuma juu ya kabati, na feni imeelekezwa kwake. Mmoja alikuwa anakitoa barazani kila mchana kipunge upepo, jioni anakirudisha ndani. Nilipomwuliza kwa nini hakukiweka chumbani kama nilivyomwagiza, alinitazama kama mtu niliyekosa adabu. Akasema kitu cha watu wa chuo kikuu hakiwezi kulazwa karibu na jiko na ndoo ya makaa, wenyewe wakija watamwonaje. Na mimi, niliyezaliwa papa hapa, nilikuwa nimeketi kwenye viti hivyo hivyo, nimepepewa na kuletewa maji baridi, kidude kikiwa kando yangu, na sikuona ajabu yoyote. Mtu wa bara angegundua siku ya kwanza. Mimi niliona kimekaribishwa vizuri.

Katika nyumba hizo ndimo alimokuwa Nyamvula, na huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Ni Mduruma, amenizidi umri kidogo, na ana mdomo kama wako, samahani Mama, lakini ndivyo. Mumewe, Jefwa, ni kibarua wa mjengo. Wamepanga chumba kimoja, mabati juu na mabati ubavuni, kimegawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia kuna kiti kimoja, na ndipo kidude kilipokuwa kimestarehe. Nyuma ya pazia kuna kitanda na jiko. Mwenye nyumba hataki moshi uani, kwa hiyo Nyamvula anakaanga mahamri mle mle alfajiri, na mbaazi zinachemka hapo hapo. Mwaka jana, kaskazi kama hii, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto akaacha kucheza, akazaliwa kimya. Alinisimulia hayo huku akikanda unga, bila kuinua uso. Na mwaka huu tena alikuwa amefika mwezi huo huo wa nane.

Nilikivusha kidude upande wa pili wa pazia, nikakitundika juu ya mto wake. Juma lililofuata nilipokisoma nilidhani kimeharibika. Alfajiri, saa ambayo sisi tunavuta shuka, kwake ilikuwa nyuzi thelathini na sita. Mchana sitaki hata kuutaja. Naye alikuwa amebadilika. Mdomo wote ule ulikuwa umenyamaza, miguu imevimba, anajibu huku amefumba macho. Nilimpeleka kliniki. Wakampima, wakasema presha ni nzuri na mtoto yu hai, arudi nyumbani anywe maji mengi na apumzike mahali penye baridi. Tulipotoka nje aliniuliza mahali hapo pako wapi, kama nimepaona nimwonyeshe. Tulipofika kwake, nyumba ya ng'ambo ya kichochoro ilikuwa na paa jeupe linaumiza macho. Aliniuliza lake litapakwa lini. Nikamjibu mwakani. Akauliza kwani mtoto wake anazaliwa mwakani.

Niliondoka pale, nikapanda matatu isiyo ya njia yangu, nikajikuta Mtwapa.

Kesho yake nilimwendea Daktari Wairimu nikamwomba lile paa lipakwe sasa hivi, hata kama rangi ni ya kutoa mfukoni kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya, Mama, usimwone hivyo. Alinieleza kwamba tukianza kuwapakia wale wanaotutia huruma, mwisho wa yote hatutajua kama wamefaidika kwa rangi au kwa kuchaguliwa nasi. Hakuna serikali itakayokubali kutoa pesa kwa habari za namna hiyo, na wanawake kama Nyamvula, maelfu kwa maelfu, wataendelea kulala katika vyumba hivyo. Akasema tuna ruhusa ya kuwashauri wote wakae penye baridi, lakini hatuna ruhusa ya kumshika mmoja mkono tukawaacha wengine. Nilitafuta mahali pa kumkosoa sikupaona. Hilo linaniudhi mpaka leo. Afadhali angekuwa na roho mbaya, ningejua namna ya kumchukia.

Basi, Mama, nimemchukua.

Yuko kitandani kwako. Ndiyo, soma tena kama hukuamini. Amelala juu ya godoro lako, chini ya dari yako, feni inamzungukia, na nimemtandikia yale mashuka ya maua unayoyaficha kwa ajili ya wageni wa kanisa. Nguo zako nimezikunja nikazitia katika sanduku, hakuna iliyopotea. Baba analala kwenye kochi, miguu inaning'inia, na kila asubuhi tunasikia habari za mgongo wake. Lakini ndiye aliyemfungulia geti, na kila mchana anatoka juani kumnunulia dafu. Jefwa anakuja akitoka kazini, anaketi kwenye ncha ya kiti kama aliyeitwa na mwalimu mkuu, anatushukuru mpaka inachosha. Uvimbe umepungua. Mtoto anacheza. Nyamvula aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni, nikapigwa teke la haja. Mdomo nao umerudi, jana ameniambia chai yangu ni maji ya kunawia.

Kwa Daktari Wairimu nilijisema mwenyewe kwa simu, sikungoja aambiwe. Akasema kamati ya utafiti itakaa juu yangu, kwamba nisikanyage nyumba yoyote ya utafiti mpaka iamue, na kwamba akiulizwa atasema nilikosea. Nikamwambia sawa. Ndipo akaniuliza kama mtoto anacheza. Nikasema anacheza sana. Akakata simu. Huenda kazi imekwenda, Mama. Kuna saa najuta, nawafikiria wale wengine waliobaki chini ya mabati, ambao sikuwa na kitanda cha kuwapa. Kisha nasikia Nyamvula akikohoa chumbani, na majuto yananitoka. Nashinda nikizunguka na mawazo hayo mawili.

Lakini hilo la kitanda silo lililonifanya niichane barua kila nilipoianza. Lililobaki ni hili.

Jioni ile tulipomleta, nilipokuwa nikitandika, Nyamvula aliuliza kitanda ni cha nani na kama mwenyewe hatakasirika. Nikasema ni cha mamangu, na kwamba hatakasirika, kwa sababu naye alipoteza mtoto kabla sijazaliwa. Nilisema kile kidogo nilichokijua. Wewe hukuwahi kutuambia neno. Tulichokisikia ni cha nyanya, kila alipokasirika: kwamba ulimwua mjukuu wake tumboni kwa kuwa ulibeba mimba ukiwa na kinyongo naye.

Baba alikuwa sebuleni. Akazima redio. Unajua mwenyewe kwamba Baba hazimi redio. Akaja akasimama mlangoni, akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema mlikaa chumba cha mabati, si mbali na hapa, ndege zikipita juu. Ulikuwa ukipiga pasi nguo za watu kwa pasi ya makaa, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie, na ilikuwa Februari. Ulimwambia mwili unawaka na kichwa kinazunguka. Yeye alikuambia ni uvivu wa mimba. Na mama yake alipokutwika lile la kinyongo, aliona ni nafuu likae hapo, akanyamaza. Mama, alilia. Sijapata kumwona Baba akilia, hata babu alipofariki. Akaniambia hawezi kukutamkia kwa mdomo wake, miaka imekuwa mingi, nikuandikie mimi.

Kisha Nyamvula, na mdomo wake ule, akamwuliza kama mtoto alikuwa na jina. Baba akajibu alikuwa nalo. Menza, jina la babu. Mimi niliyeringa miaka yote kwamba ndimi kifungua mimba wako, nilibaki nimeshika foronya mkononi. Na nyanya pia nikamwelewa kidogo, sijui kama ni sawa kukuambia. Lilikuwa jina la mumewe.

Nilimwuliza Daktari Wairimu, kabla sijajisema kwake, kuhusu mwanamke mmoja wa zamani, chumba cha namna ile, mwezi ule. Hakujua ni nani. Akasema kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kuapa. Joto huwaua wengi zaidi kati ya maelfu, lakini huwezi kumwonyesha mmoja kwa kidole ukasema huyu ni wa joto. Hivyo ndivyo asemavyo daktari, na ni lazima aseme hivyo. Mimi si daktari, Mama, na sasa huenda si hata karani wao. Mimi nimekisoma kile kidude, nimeingia nyuma ya pazia lile, nami nakuambia: hukumwua. Kinyongo hakiui mtoto. Ulikuwa unaungua, ukasema, na hukusikilizwa.

Sasa hivi ninapoandika, pengine unamgeuza nyanya kitandani, unampangusa, unampa uji. Sitakuambia umwambie wala umfiche. Barua ni yako. Ukiona vyema umsomee, msomee.

Kuhusu Nyamvula, nijibu kwa mkono wa Karisa. Siku zake zimekaribia na hospitali tumeshaipanga. Ukisema atoke kitandani kwako nimekusikia, lakini itabidi uje umtoe mwenyewe, mimi siwezi, na Baba ndiyo kabisa.

Nimekutilia chumvi, sukari na ile dawa ya kuchua goti. Wasalimie wote hapo nyumbani na majirani wa kanisani. Baba anakusalimu. Alitaka kuongeza neno hapa chini, akaishika kalamu kwa muda, akanirudishia. Nyamvula naye anakushukuru kwa mashuka. Mungu akulinde, Mama, na akurudishe salama.

Ni mimi mwanao wa pili,

Eddah