Gari Jeupe kwenye Nafasi ya Vitalia

Jumatatu, 3 Machi 1997

Naandika kwa hasira, herufi zinapanda na kushuka. Ziende zitakako. Daftari ni langu.

Nimempeleka mjukuu wangu Vitalia kliniki. Mimba ya miezi minane sasa. Yeye kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, anazungusha kwa mikono, mimi nyuma nasukuma kila tukikuta kilima. Na Mbinga hii ni vilima vitupu! Tumefika zahanati ya masista gauni limenigandia mgongoni. Na nini kimekaa mguuni pa mteremko wa saruji, ule wa kupandishia viti vya magurudumu? Gari. Hilux, jeupe, linang'aa kama limepakwa mafuta ya kula.

Pale pana mawe yaliyopakwa chokaa. Pana kibao, picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, na maneno: NAFASI YA WALEMAVU. Mimi shule sikuikanyaga. Nimejua kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, tayari nikiitwa bibi. Nimekisoma. Wao waliosoma mpaka Songea na ng'ambo ya Songea hawakioni!

Ngazi ni sita. Baiskeli haipandi ngazi. Nimemwita mlinzi. Amesema, mama, hilo gari la bosi, mimi nitamwambia nini? Anatoka sasa hivi. Dakika tano.

Dakika tano hizo tumekaa mpaka kivuli cha ukuta kimetuacha.

Mwisho wakaja wanaume wawili waliokuwa wanapakia mbolea ng'ambo ya barabara. Wakambeba. Mmoja kwapani, mmoja miguuni, kama gunia. Kwenye ngazi ya nne kanga ikafunguka. Wakacheka. Mmoja akasema: kumbe miguu tu ndiyo imelemaa, huku kote ni kuzima! Benchi zima la wajawazito limesikia. Na wao wengine wamecheka. Wanawake wenye matumbo yao!

Vitalia kaifunga kanga yake mwenyewe. Nesi Albina kampima, kasema mtoto mzima, ila nyonga ni nyembamba. Uchungu ukianza asikae nyumbani hata kidogo. Vitalia kaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Njiani ndipo akaniambia. Bibi, pale sirudi.

Sijaandika gari ni la nani. Nilikuwa naona aibu. Ni la Osmund, mtoto wa marehemu dada yangu. Kanyonya titi hili, dada alipokuwa mgonjwa.

Alhamisi, 6 Machi 1997

Nimebembeleza. Nimefoka. Nimempikia dagaa, usipa aliotuletea mumewe kutoka ziwani, na nyanya nyingi kama anavyopenda. Kala, kashukuru, kasema vilevile. Sirudi. Nitazalia hapa, wewe utanizalisha, bibi. Mbona umezalisha wengi?

Nimetoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Mama yake nilimzalisha mimi. Chumba hikihiki. Nilimpata Vitalia akilia vizuri, na mama yake damu haikukata. Nilibana na kanga, nikabana na shuka, nikabana na mikono. Alikuwa binti yangu wa kwanza. Vitalia anajua mama alikufa siku ile. Hajui mikono ilikuwa ya nani.

Sitamzalisha. Simzalishi! Lazima apande ule mteremko.

Mumewe, Tarsisi, yuko Mbamba Bay ananunua usipa. Kasema Pasaka atakuwa hapa. Pasaka ni tarehe thelathini. Mtoto hasubiri Pasaka.

Ijumaa, 7 Machi 1997

Nimekwenda ofisini kwa Osmund. Iko mbele ya zahanati, mnavuka barabara tu. Zamani alikuwa karani wa chama cha msingi, anatembea kwa miguu, viatu mkononi kukiwa na tope. Siku hizi soko huria, anakusanyia kampuni kahawa, ana tumbo na ana gari.

Shikamoo mama mdogo! Kaa, kaa. Kaniletea soda kwa mkono wake. Nikamwambia: gari lako toa pale.

Kacheka. Kasema, mama mdogo, uwanja wote ule ni mteremko, pale tu ndipo sawa. Breki ya mkono haishiki. Nikipaki pengine nitaweka mawe kila mara? Nikasema weka mawe. Kasema, na hao walemavu wenyewe wanakuja lini? Nafasi inakaa bure wiki nzima. Nikasema, shimo la choo nalo linakaa bure, tulifukie? Karani wake kaangua kicheko, Osmund kamkazia macho.

Nikamwambia habari ya Vitalia. Ya kanga. Akainama. Nikaona kama ule uso wa mtoto niliyemnyonyesha. Kisha akasema: basi siku akija, mtume mtu aje kuniambia, nitalitoa. Mara moja tu.

Yaani uchungu ukishika, nitume barua!

Soda nimeimaliza. Nilikuwa na kiu. Hilo najilaumu.

Jumapili, 9 Machi 1997

Baada ya misa Domitila jirani kanishika mkono. Kasikia. Mji huu unasikia kila kitu. Kasema, Mektilda, unagombana na mwanao kwa ajili ya kiwanja cha hatua nne? Viwete Mbinga nzima hawazidi kumi. Na kusema kweli, kiwete naye mimba alikuwa anaitafutia nini?

Nikamwambia alikuwa anaitafutia palepale ulipoitafutia wewe, na tena yeye ana mume mmoja.

Kaniacha. Atarudi. Chumvi yake huwa haimalizi wiki.

Jioni sengu, kikao cha ukoo. Wanaume wa ukoo wamekula ugali pamoja uani kwa kaka mkubwa, wamenawa, nikaomba neno. Nimesema yote, nimesimama. Nilidhani watamwita Osmund wamkanye, ndiyo kazi ya sengu. Kaka katafuna, kameza, kasema: ukoo wetu una gari moja. Likipaki pale mbele, watu wanasema hawa nao wamo. Wewe unataka kwenda kumwaibisha? Binti abebwe, kubebwa si dhambi.

Mwingine kasema, tena angeshukuru kubebwa.

Nimekusanya sahani zao nikaosha. Nimeosha! Miaka sitini na miwili na bado naosha sahani za watu wa namna hii.

Ijumaa, 14 Machi 1997

Siku ya kliniki. Hajaenda. Kakaa na cherehani chake cha mkono, anashona sare ya mtoto wa mtu, uzi mdomoni ili asijibu.

Nesi Albina kaja mwenyewe jioni, na miguu imemvimba. Kampima kitandani kwangu. Kasema mtoto ameshageuka, ni wakati wowote. Kaniambia, mama, wewe unaandika, si ndiyo? Uchungu ukianza andika kila ukija, na saa. Ukisogeleana, ujue hakuna muda. Vitalia ana saa ya mkono.

Nikamuuliza, kwa nini hamfukuzi magari? Kasema wamesema mpaka wamechoka. Ukimfukuza huyu, anakwenda kwa mkubwa wa kamati, anauliza nani alitoa mabati ya wodi. Ni yeye alitoa mabati ya wodi.

Kumbe kanunua.

Jumapili, 16 Machi 1997

Padri kahubiri kuhusu msalaba wa mwenzako. Watu wametikisa vichwa kwa uchungu. Tumetoka nje, pikipiki ya katekista imeegemezwa kwenye kinjia cha kanisani cha kupitishia baiskeli ya Vitalia.

Sikusema. Nimeiangusha tu.

Jumatano, 19 Machi 1997

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Nimelima toka asubuhi, ngolo za maharage, upande wa juu. Wanaume walishafyeka na kulaza nyasi miraba miraba, sisi wanawake tunachimba katikati na kufunika nyasi kwa udongo. Ndivyo tunavyolima mlima huu usitukimbie na mvua. Mashimo, na matuta kuzunguka mashimo. Mikono yangu inajua bila kuniuliza.

Nikirudi, jembe begani, nimepita zahanati. Nafasi tupu! Osmund kaenda na gari kijijini Ukata. Mlinzi kaenda kula.

Nimesimama. Nimetazama zile alama za matairi, kushoto na kulia, zimeuchimba udongo kwa kukaa palepale kila siku.

Nikalima.

Ngolo mbili. Moja kila upande, panapokaa matairi yake. Katikati nimeacha njia, nimepima kwa kijiti nilichokata kwa upana wa baiskeli ya Vitalia, nikaongeza kiganja. Matuta sikuweka, matuta yangezuia baiskeli. Udongo nimeubeba kwa kikapu nikasawazisha mdomo wa mteremko, umekuwa laini kama kitanda. Atakuja, ataona mashimo, atapaki kwingine. Mtu ana macho!

Mgongo unauma vizuri.

Nimemwambia Vitalia: njia iko wazi. Naapa. Gari halitakaa pale tena. Kanitazama sana. Umefanya nini, bibi? Nimesema, nimelima. Kacheka — kicheko cha kwanza toka ile siku. Kasema, basi nitakwenda. Lakini likiwepo nageuza.

Halitakuwepo.

Sasa mvua inaanza. Njema kwa maharage.

Alhamisi, 20 Machi 1997

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Uchungu.

Saa moja kasorobo. Uchungu. Nimefunga kanga mbili, sabuni, wembe mpya, uji kwenye chupa. Vitalia kasema yuko tayari. Yeye mwenyewe kasema!

Saa moja na dakika tano. Uchungu. Tuko njiani. Mvua imekatika, tope kila mahali. Nasukuma. Naandikia juu ya mgongo wa kiti chake.

Saa moja na nusu. Uchungu. Watu wanasalimia, bibi mnakwenda wapi asubuhi? Nawaambia kuzaa.

Saa mbili kasoro dakika kumi. Uchungu. Tumefika getini. Gari lipo.

Lipo. Limelala upande. Nimesahau mvua! Ngolo ikishika maji inashika kwelikweli, kazi yake ndiyo hiyo, na bila matuta ni maji tu, usawa wa uwanja, rangi ya uwanja. Osmund kaja alfajiri, kaona dimbwi, kaingia. Tairi la mbele limezama lote. Kakanyaga mafuta, matako ya gari yameteleza mpaka kwenye mteremko. Limeziba kuliko siku zote. Hata kuku hapiti.

Mimi nimefanya hivi.

Vitalia katazama gari. Kanitazama mimi. Hakugeuza. Nadhani hana nguvu za kugeuza.

Saa mbili na dakika tano. Uchungu. Watu wamejaa. Toka sokoni, toka kwenye mbolea, toka ofisini. Wanaume wamevua viatu. Mmoja kachungulia shimo kapiga kelele: jamani hii si ngolo? Nani kalima ngolo hospitali? Mwingine: bado maharage tu! Kicheko. Kamba imeletwa. Mbao zimeletwa. Hata wale wawili wa siku ile wapo, matope mpaka kiunoni. Sikujua Mbinga ina watu wema wengi hivi.

Saa mbili na robo. Uchungu. Nimewaambia, nina mzazi hapa! Wamesema, sawa bibi, tulitoe gari kwanza, si ndilo limeziba? Likitoka tu anapita.

Nesi Albina kashuka. Kasema abebwe. Vitalia kasema hapana. Si hawa.

Osmund kaja, suruali nyeupe yote tope. Shikamoo kaisahau. Kaona jembe? Jembe niliacha nyumbani. Kaona kucha zangu, bado zina udongo. Mama mdogo, ni wewe?

Ni mimi.

Kashika kichwa. Nilidhani atanitukana, nilitaka anitukane. Kageuka kwa Vitalia, kasema, mwanangu, ngoja nikubebe mimi mwenyewe. Vitalia kasema: usiniguse. Kisha wakamwita — bosi, njoo ushike usukani! Kaenda. Kageuka mara mbili, lakini kaenda.

Saa mbili na dakika ishirini na mbili. Uchungu. Umesogea.

Nimewahesabu. Thelathini na mmoja kwenye gari.

Vitalia kaniambia, bibi, nishushe. Nikasema tope hili? Nishushe. Nimemshusha. Kakaa kwenye tope. Kageuka, kaipa ngazi mgongo, kaweka viganja nyuma, kajiinua. Ngazi ya kwanza. Matako, viganja. Miguu nimemshikia mimi. Nesi kashika kanga isifunguke.

Wachache wamegeuka, wanatutazama. Kamba imelegea mikononi mwao. Mmoja kawafokea: vuteni, imebaki kidogo!

Ngazi ya pili.

Saa mbili na dakika ishirini na nane. Uchungu. Nimekaa ngazi ya chini, miguu yake mapajani mwangu, daftari juu ya miguu yake. Kanishika bega, kucha zimeingia. Nesi anasema pumua. Kule wanasema imebaki kidogo, imebaki kidogo.

Ngazi ya tatu. Hajalia.

Saa mbili na nusu kamili. Uchungu. Ngazi ni sita.